Mama Chapati na kinga iliyosemekana imeshuka

Daftari lilikuwa la wanafunzi, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na pembe zake zilikuwa zimelowa mafuta ya kupikia kiasi kwamba mwandiko wa ukurasa wa pili ulisomeka kwenye wa tatu. Mwenyewe aliliweka mezani kwangu, akaketi, akasema kabla sijamwuliza kitu: "Dokta, mimi sina ugonjwa. Kinga imeshuka. Naomba dawa ya kupandisha kinga."

Ilikuwa mwezi wa 8, kipupwe kinaelekea ukingoni. Mimi ni tabibu kwenye zahanati pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Temeke, na kauli hiyo naisikia kila wiki. Tangu miaka ya korona, tulipokuwa tukijifukiza nyungu na tangawizi ikauzwa kama dhahabu, imekuwa lugha ya kila nyumba. Mafua yakirudi mara mbili, kinga imeshuka. Mtoto akikataa uji, kinga. Mtu akichoka kwa sababu amebeba zege siku nzima, kinga.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, na nimebadilisha vitu vichache ili majirani wasimtambue. Nitamwita Mama Chapati. Dar es Salaam ina Mama Chapati wa kutosha kumficha. Ana miaka 41, watoto 3, mume ni fundi ujenzi. Anauza chapati, maandazi na supu, na wateja wake wa kwanza, bodaboda na makondakta wa daladala, wanafika saa 11 alfajiri.

Pamoja na daftari alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na chupa ndogo ya chai, na kopo la unga wa kijani alilouziwa na mtu wa mtandaoni kwa shilingi 85,000, akalipa kwa awamu 3. Kopo lilikuwa na orodha ya viambato 21. Nilisoma mpaka cha 9 nikaacha.

Daftari linasemaje

Tangu Januari alikuwa ametibiwa mara 7, kwenye vituo vitatu tofauti. Januari: mafua, koo, homa, amoksilini. Februari: kikohozi; azuma. Machi: kuharisha siku 3, sipro na metro. Mei: uchovu, kichwa kuuma, viungo kulegea, "taifodi na yutiai", sindano siku 5. Juni: kikohozi, amoksilini tena. Julai mwanzoni: mafua yenye homa, azuma tena. Julai mwishoni: kikohozi, kifua kinabana, dawa ya maji na vidonge vya vitamini.

Mara 6 kati ya 7 alipewa antibayotiki. Nilianza kutikisa kichwa, na nilikuwa karibu kutoa ile hotuba yetu ya siku zote kuhusu watu wanaogawa dawa kama pipi, nikagundua kwamba mwandiko wa mwezi Juni ni wangu. Hata saini. Sikumkumbuka. Siku hiyo pengine kulikuwa na foleni ya watu 60, yeye akakohoa, mimi nikaandika.

Basi tukaanza upya, ukurasa kwa ukurasa. Swali langu lilikuwa moja tu: siku hiyo mwili ulikuwa unafanya nini hasa? Homa ya kweli, ya kutetemeka na kujifunika kanga mchana wa Dar es Salaam, alikuwa nayo mara 2: Januari na Julai mwanzoni, na mara zote mbili watoto nao walikuwa na mafua. Kuharisha kwa Machi kulikuwa maambukizi ya tumbo. Hayo ni maambukizi 3 ndani ya miezi 8. Mtu mzima mwenye afya njema hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, ukipima kinga yake kwa idadi ya vijidudu vilivyompata, alikuwa mtu wa kawaida kabisa.

Zile nyingine 4 ndizo zilikuwa kazi. Kikohozi mara 3, kisicho na homa, kikavu, kibaya zaidi usiku. Na uchovu wa Mei, ambao kusema kweli haukuwa wa Mei peke yake. "Uchovu ninao toka mwaka juzi, dokta. Mei ndiyo nilianguka."

Kuhusu ile "taifodi" niseme neno kisha niendelee. Kipimo cha Widal, kile kinachotumika kutafuta taifodi, kinaangalia kingamwili kwenye damu, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki kutokana na ugonjwa wa zamani, au kujitokeza kwa sababu ya maambukizi mengine. Kwetu huku, ambako watu wengi wameshakutana na bakteria wa jamii ya taifodi, kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi chochote. Lakini mtu akiambiwa "una taifodi" anaridhika, ana jina la ugonjwa wake, na kituo kimeuza sindano 5.

Kwanza yale ya kuogopwa

Mtu anayesema anaumwa kila mara hapewi ushauri wa matunda kabla hajapimwa. Kuna magonjwa yanayoshusha kinga kwelikweli, na yana majina. Tulipima VVU: hana. Makohozi kwa kifua kikuu: safi. Sukari kabla ya kula: 5.4, iko sawa. Malaria: hakuna. Choo: hakuna minyoo. Uzito haujapungua.

Wingi wa damu: 9.4.

Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kwenye 9.4 mtu anatembea, anapika, anagombana na mteja aliyeondoka bila kulipa, lakini anafanya yote hayo kama anayepanda mlima. Uchovu wake ukawa umepata maelezo, na haukuwa taifodi.

Damu ilikuwa inaenda wapi? Nilimwuliza kuhusu hedhi, akaangalia mlango kama umefungwa. Siku 7 hadi 8, nzito, na mabonge, tangu alipowekewa kitanzi miaka 2 iliyopita, baada ya kujifungua mtoto wa mwisho. Kitanzi cha shaba ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, lakini kwa baadhi ya wanawake huongeza damu ya hedhi, na hilo aliambiwa siku ya kwanza, ila nani anakumbuka ya siku ya kwanza. Upande wa kuingiza damu nao ulikuwa mbovu: chakula chake kikuu kilikuwa chapati zilizobaki, na kila mlo alishushia chai ya rangi, kali, vikombe 2. Chai ina tanini, nayo hukamata madini chuma ya kwenye mboga na maharage kabla utumbo haujayachukua. Mtu anaweza kula matembele kila siku akawa anayapitisha tu.

Madini chuma yana kazi pia kwenye kinga yenyewe. Seli nyeupe zinapojigawa kwa haraka ili zipambane na virusi, zinayahitaji. Kwa hiyo hakukosea kabisa aliposema kinga imeshuka. Alikosea alipodhani iko kitu kimoja kinachoitwa kinga, kama maji kwenye tenki, chenye mshale wa kupanda na kushuka. Hakuna tenki. Kuna ngozi, ute wa puani, asidi ya tumboni, vijinywele vya kwenye njia ya hewa, seli za aina nyingi na kingamwili ambazo kila moja inamjua adui wake tu. Na ukitaka kuona kinga iliyopandishwa kupita kiasi, mtazame mtu mwenye pumu anapovuta vumbi, au mwenye lupus, ambaye mwili wake unajishambulia wenyewe.

Kile kinywaji

Nilimwomba anionyeshe chupa. Alifungua, na harufu ya kitunguu saumu ikajaza chumba mpaka nesi akachungulia. Ndimu 3, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, punje 6 za kitunguu saumu, pilipili manga, asali. Kikombe anapoamka saa 9 usiku kabla hajala kitu, kikombe mchana, na kikombe cha mwisho saa 5 usiku akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulianza lini?"

"Mafua ya Januari yalipoisha. Nikasema hayanirudii."

Kikohozi cha kwanza kimeandikwa Februari.

Nikamwuliza kama anapata kiungulia. Akacheka. "Kiungulia si ndiyo dawa inafanya kazi? Inachoma uchafu." Usiku anaamka na ladha chungu mdomoni, sauti asubuhi imekauka, anakohoa akilala chali na kupata nafuu akikaa. Asidi ya tumbo ikipanda hadi kooni hukohoza mtu kwa miezi, bila homa na bila makohozi ya maana. Ndimu na viungo vikali juu ya tumbo tupu, kisha kulala papo hapo baada ya mlo wa saa 4 usiku: mtu akitaka kutengeneza kikohozi cha aina hiyo kwa makusudi, hana njia fupi kuliko hii.

Sina ugomvi na tangawizi. Nakunywa mwenyewe. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba kikiwasha sana kinatibu sana. Alikuwa anakunywa kinywaji kinachomkohoza, akikohoa anasema kinga bado iko chini, anaongeza ndimu.

Vitamini C nayo ina historia yake. Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyepata tuzo 2 za Nobel, ya kemia 1954 na ya amani 1962, ndiye aliyeieneza sana imani kwamba dozi kubwa za vitamini hiyo huzuia mafua. Miaka iliyofuata yalifanyika majaribio mengi, na watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipoyakusanya pamoja mwaka 2013 walikuta kwamba kwa watu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakupunguzi idadi ya mafua. Hufupisha siku za kuumwa kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Waliofaidika hasa ni wakimbiaji wa marathoni, wanaoteleza kwenye theluji na wanajeshi waliokuwa kwenye mazoezi makali: kwao mafua yalipungua kwa nusu. Mama Chapati anafanya kazi ngumu, lakini hakimbii marathoni, na hata kama angekimbia, pera moja linatosha. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, kama mara 4 ya chungwa, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku hayafiki miligramu 100. Mapera yanaoza chini ya mti nyuma ya zahanati yetu. Kopo ni 85,000.

Saa 4 za usingizi

Analala saa 5 usiku. Anaamka saa 9. Halali mchana. Jumapili anaamka saa 11, kwa ajili ya kanisa.

Hapa ndipo nilipomwambia kwamba kama kuna kitu kinachofanana na "dawa ya kupandisha kinga", ni hiki, na kimefanyiwa majaribio ambayo mtu unaweza kuyaona kwa macho ya akili. Sheldon Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwachukua watu 153 wenye afya, wakaandika usingizi wao kwa siku 14, kisha wakawatia matone yenye virusi vya mafua puani na kuwaweka karantini. Matokeo yalitoka 2009: waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walikuwa na uwezekano karibu mara 3 wa kuugua kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Mwaka 2015 jaribio la namna hiyo lilirudiwa kwa watu 164, safari hii wamevalishwa kifaa mkononi kinachopima usingizi badala ya kuamini maneno yao. Chini ya saa 6: uwezekano zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Wote walitiwa virusi vilevile, puani mwao.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ilitoka Tübingen, Ujerumani, 2019. Seli T, askari wanaoua seli zilizokwisha kuingiwa na virusi, zinatakiwa zinate kwenye seli hiyo kwanza. Homoni za mwili ulio macho na wenye pilikapilika, kama adrenalini, hupunguza kule kunata. Mtu akilala, homoni hizo hushuka, na seli zinashika vizuri. Nilimweleza hivi: ni kama chapati kwenye chuma ambacho hakijashika moto. Unaiweka, haikamati. Akaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Kisha akaniuliza swali ambalo vitabu vyangu havina: "Sasa hizo saa 7 nitazitoa wapi?"

Ni rahisi kwangu kusema lala mapema. Mimi naingia kazini saa 2 asubuhi. Tabia njema za kila siku zinaandikwa kana kwamba kila mtu ana siku yake mkononi, wakati huyu siku yake iko mikononi mwa kondakta anayetaka chapati 3 na supu kabla gari halijatoka. Kwa hiyo hatukuzungumza juu ya usingizi. Tulizungumza juu ya unga.

Tulichukua karatasi tukaandika kazi zote kati ya saa 9 usiku na saa 11. Kuwasha moto: dakika 30. Kukanda: 30. Kusukuma na kupika chapati 60: saa nzima, wakati mwingine na zaidi. Maandazi, huku supu imeshabandikwa. Mtu mmoja anafanya yote, na ndani ya nyumba wamelala wengine wanne. Hilo la mwisho sikulisema mimi. Alilisema mwenyewe akiitazama karatasi, taratibu, kama anayesoma deni lake dukani.

Mume alikuja naye mara iliyofuata. Nilitegemea ubishi, haukuwepo. Alisema tu kwamba hakuwahi kumwona akiamka, kwa sababu alikuwa amelala. Sasa yeye ndiye anayewasha moto, saa 10, kabla hajaoga kwenda saiti. Kijana mkubwa, wa miaka 17, anakanda unga saa 1 jioni. Chapati zinasukumwa na kukaushwa kwenye chuma bila mafuta usiku uleule, alfajiri ni kupaka mafuta na kuzigeuza. Hapo palikuwa na ubishi mkubwa. "Chapati ya jana mteja anaijua kwa ulimi," alisema. Jumatatu ya kwanza mteja mmoja aliijua kweli. Akapunguza muda wa kukausha, zikabaki laini, malalamiko yakaisha. Supu aliifuta Jumatatu hadi Alhamisi, na hiyo ilimgharimu pesa, sitaki kuificha.

Ratiba mpya: kulala saa 4 usiku, kuamka saa 10 na robo, na kujinyoosha dakika 40 mchana biashara ikilala. Si saa 8. Ni zaidi ya saa 6 kwa mtu aliyekuwa na 4.

Kibanda

Jumamosi moja nilipita kwake, si kwa ukaguzi, nilikuwa na njaa. Kibanda ni cha mabati pande zote 4, mlango mmoja, majiko 2 ya mkaa na moja la kuni. Bati la juu lilikuwa jeusi na kung'aa kama mgongo wa sufuria, na masizi yamening'inia kwenye misumari. Baada ya dakika 5 macho yangu yalitoa machozi. Yeye hakuwa hata anapepesa.

Njia ya hewa imepandwa vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga makasia muda wote kusukuma ute wenye vumbi na vijidudu kwenda juu, umeze au uteme. Moshi unavilemaza. Unazichosha pia seli za mapafuni ambazo kazi yake ni kumeza bakteria. Mkaa unadanganya kwa kuwa moshi wake hauonekani sana, lakini chembe ndogo na gesi ya kaboni monoksaidi zipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa jikoni ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba mtoto anayeishi ndani ya moshi huo ana uwezekano karibu mara 2 wa kupata nimonia. Mtoto wake wa mwisho, wa miezi 26, alikuwa amelala kwenye kanga pembeni ya jiko.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mama Chapati hakusubiri 2034. Alinunua mtungi mdogo wa kilo 6. Kwa kukaanga maandazi ulidumu siku 9. Alipiga hesabu ya faida akarudi kwenye mkaa, na simlaumu. Kilichofanyika kweli ni kwamba mume aling'oa mabati 2 ya upande wa upepo, jiko la kuni likatolewa nje chini ya turubai, mtoto akahamishiwa kwa bibi yake asubuhi, na gesi ikabaki kwa chai na kupasha chakula cha watoto.

Siku hiyohiyo niliona beseni. Beseni moja la kunawia, maji ya saa 11 alfajiri, wateja wote wanachovya vidole humo, na yeye, baada ya kupokea noti, anachovya na kurudi kwenye unga. Kuharisha kwa Machi nilikuona kunaelea pale. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka hupunguza kuharisha kwa kama theluthi moja, na magonjwa ya njia ya hewa pia hupungua. Nikamwuliza ile ndoo ya koki ya enzi za korona iko wapi, maana kila kibanda kilikuwa nayo. Ilikuwepo. Ameifanya ya kuhifadhia sukari.

Na kadi ya kliniki ya mtoto, nilipoiomba, haikuwa na chanjo ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18. Walisafiri kwenda msibani, ikapita. Alichanjwa Jumatatu. Katika kisa chote hiki, hapo ndipo pekee ambapo kinga ya mtu "ilipandishwa" kwa maana halisi ya neno, kwa sindano moja, bure, na hakuna aliyeniomba.

Baada ya miezi 6

Dawa: madini chuma kidonge kimoja kwa siku, na pera au chungwa, mbali na chai kwa saa 2. Wiki ya kwanza alinipigia simu amechanganyikiwa kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Ni kawaida ya dawa hiyo na nilipaswa kumwambia mapema. Kitanzi alikitoa kwa hiari yake akaweka kijiti. Chai haikufutwa, ilisogezwa ikawa ya saa 4 asubuhi, peke yake. Dagaa na maharage vikaingia mezani, maini mara moja kwa wiki pesa ikiruhusu. Kile kinywaji alikiacha, akaacha pia kula na kulala papo hapo.

Kikohozi cha usiku kilikwisha wiki ya tatu. Damu ilikuwa 10.8 baada ya miezi 2, na 12.1 Februari. Tangu Agosti hadi Februari alipata mafua mara moja, Novemba, siku 4, bila antibayotiki. Kuharisha hakujarudi. Kikohozi cha mchana kipo siku za mvua, jiko la kuni linaporudishwa ndani.

Mtu makini atauliza ni kipi kilifanya kazi, na jibu la haki ni kwamba huyu ni mgonjwa mmoja na tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Kipupwe nacho kilikuwa kimekwisha, mafua yangepungua hata bila mimi. Kikohozi cha usiku nina uhakika nacho, kwa sababu Desemba alijaribu tena kile kinywaji siku 4 kikarudi. Damu nina uhakika nayo, ina namba. Usingizi sina namna ya kuuthibitisha kwake, nina majaribio ya watu wengine tu, ila yeye mwenyewe akiulizwa kilichomsaidia anataja huo kwanza, na madini chuma hayataji kabisa.

Kopo la kijani lipo bado, juu ya rafu ya kibanda, anawekea hamira. Na juzi nilipopita kunywa chai nilikuta chupa kubwa mpya mezani yenye karatasi iliyobandikwa: TANGAWIZI NDIMU SH 500. Bodaboda wawili walikuwa wanakunywa huku wakikunja uso, mmoja akimweleza mwenzake kwamba hii inaongeza kinga.

Nilimtazama. Akaniwekea chapati mbili za moto, akafuta mikono.

"Dokta, mimi nauza tangawizi. Kinga wanajiongezea wenyewe."